Breki za diski au za rimu kwa baiskeli ya safari ndefu?

SWALI: Habari fundi. Natafuta baiskeli ya safari za wiki kadhaa, nikibeba hema na mzigo wa kilo 25 hivi. Nimepata mbili: moja ina breki za rimu aina ya V, nyingine za diski za waya. Naambiwa diski ikiharibika njiani sitapata wa kuitengeneza. Nichukue ipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kama fremu zote mbili zinakutosha, chukua ya diski, yaani ile ambayo breki yake hubana sahani ya chuma katikati ya gurudumu.

Si kwamba breki za V ni dhaifu. Zikifungwa vizuri zinashika hata na mzigo huo, hasa pakiwa pakavu. Ninachoangalia mimi ni kipi kinaliwa. Breki ya rimu hula rimu yenyewe: mchanga na tope hunasa kwenye mipira, na kila ukibana ni kama unaipiga msasa. Rimu ikishakuwa nyembamba, presha ya tairi inaweza kuipasua. Kuibadilisha ni kufumua spoki zote na kusuka gurudumu upya, na hapo ndipo fundi wa njiani huwa adimu kweli. Diski ikiisha unaifungua tu na kufunga nyingine. Tena rimu ikipinda kidogo baada ya kugonga shimo, diski haina habari nayo. Kwenye mteremko mrefu pia, joto la breki hubaki kwenye diski badala ya kwenda kwenye rimu iliyobeba tairi na tyubu.

Hofu ya kukosa fundi ina uzito zaidi kwa diski za mafuta, ambazo bomba likikatika unahitaji mafuta ya aina yake hasa. Ukitia ya DOT, yaani mafuta ya breki kama ya magari, kwenye mfumo wa mafuta ya madini, sili zinaharibika. Za waya utazirekebisha mwenyewe. Beba waya wa akiba na jozi mbili za pedi, maana maumbo ya pedi ni mengi na duka la njiani huenda lisiwe na lako. Mafuta ya mnyororo yasiguse diski. Baiskeli ikipakiwa kwenye basi, vua diski au zilinde, zinapinda upesi. Kipenyo cha diski cha milimita 160 kinatosha. Mbele 180 ni bora, kama foku inaruhusu. Hakikisha pia keria ya nyuma haigongani na kalipa, kile kifaa kinachobana diski.

Ukiamua ile ya V kwa sababu fremu yake ni bora zaidi, sawa, ila usiinunue ukitegemea kuigeuza baadaye. Foku, fremu na habu (kitovu cha gurudumu) lazima ziwe zimetengenezwa kwa ajili ya diski, na kuchomelea vishikizo vya kalipa kwenye foku ya kawaida ni hatari.

Hukuniambia usukani ni wa aina gani. Kama ni ule uliopinda kwenda chini, hakikisha mikono ya breki inalingana na kalipa. Mkono wa baiskeli ya mashindano huvuta waya mfupi, na kalipa ya baiskeli ya milimani huhitaji mvuto mrefu. Ukichanganya hivyo utabana hadi mkono uguse usukani na baiskeli isisimame.