Filamu ya slaidi usiibanie mwanga

Kwa miaka mingi niliamini, kama walivyoamini wapiga picha wengi wa enzi za projekta, kwamba slaidi, yaani filamu inayotoa picha yenye rangi halisi ya kuonyeshwa ukutani kwa projekta, hupendeza zaidi ikinyimwa mwanga kidogo wakati wa kupiga, kwa sababu rangi hukolea. Ushauri huo ulifaa ukutani, kwani taa kali ya projekta ilipenya hata sehemu nzito, zenye giza, za filamu. Skana zinazoingiza picha kwenye kompyuta, hasa zile bapa za mezani, haziwezi.

Nililijua hilo kwa hasara. Asubuhi moja nilipiga picha za mibuyu kando ya barabara ya Kondoa kwa Velvia 50, filamu ya slaidi yenye ISO (kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga) ya 50, huku kipima mwanga nimekiweka kwenye 100, yaani filamu ikapata nusu ya mwanga wake. Juu ya meza ya mwanga slaidi zilivutia mno. Kwenye skana, upande wa shina uliokuwa kivulini ulitoka mweusi, na nilipojaribu kuuangaza kwa kompyuta, kilichojitokeza si magamba ya mbuyu bali chembechembe za rangi ambazo hazikuwapo.

Siku hizi naiheshimu ISO iliyoandikwa kwenye boksi. Hata hivyo, kuzidisha mwanga ni kosa baya zaidi, maana slaidi hubeba tofauti ya stopu tano hivi tu kati ya giza na mwanga (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua kwa nusu), na sehemu iliyoungua hubaki plastiki tupu isiyo na chochote cha kusomwa. Kwa hiyo natafuta kitu cheupe ninachotaka kionyeshe mikunjo yake, tuseme kanzu, nakipima peke yake, kisha naongeza stopu moja na nusu, kwa kuwa kipima mwanga hudhani kila kitu ni kijivu. Nikikosa cheupe, napima jiwe la kijivu lililo kwenye jua lilelile, na kwa mawe Dodoma hatujambo.

Saa sita mchana wakati wa kiangazi, tofauti kati ya udongo mkavu na kivuli cha mizabibu huishinda filamu yoyote ya slaidi, hivyo nasubiri saa kumi na moja jioni. Nikiwa na shaka, napiga fremu mbili zilizopishana nusu stopu. Zikirudi kutoka kusafishwa, ninayoiskani ni ile nyepesi, mradi mawingu yake bado yana umbo. Rangi yake iliyopauka huikoleza kwenye kompyuta kwa dakika chache.