Mkuu, chomoa hiyo kadi kabla hujawasha gari tena

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kupigia muziki garini, umeshaifunga kwenye waya wa ACC (unaopata umeme swichi ya gari ikiwashwa), mfumo na nyimbo viko kadi moja ya kumbukumbu, na sasa unauliza ununue GB 128 au 256. Ukubwa si tatizo lako. Hiyo kadi itakufa.

Mimi nilifunga hivyo hivyo kwenye Corolla. Fundi wa redio za magari aliniambia, "Ukizima swichi na yenyewe inazima, basi." Miezi mitatu ikapiga vizuri. Siku moja nikaingia sheli, nikazima gari, kuwasha tena kimya. Kwenye laptopu nusu ya mafolda yamegeuka herufi za ajabu, mengine matupu. Humo ndimo zilimokuwa kanda za marehemu baba, taarab na dansi alizorekodi redioni, nilizozihamisha kaseti moja moja kwa miezi minne. Kaseti zenyewe nilishazigawa, maana nilijua ninazo kwenye kadi! Mpaka leo inaniuma, na fundi yule nikimkumbuka nakasirika upya. Alisema kwa uhakika kitu asichokijua.

Utasema wewe unasikiliza tu, huandiki chochote. Mfumo unaandika wenyewe: logi (kumbukumbu za matukio yake), swopu (data inayohamishwa toka RAM kwenda kwenye kadi), na MPD, programu ya kupiga nyimbo, ikitunza wimbo ulipofikia. Na flashi, yaani chipu za kadi zinazotunza data, si daftari kwamba unafuta neno moja. Hufutwa kitalu kizima kwa pamoja, kwa hiyo kidhibiti kilichomo ndani ya kadi kinahamisha data huku na huku kimya kimya. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, zinaweza kupotea faili ambazo hujazigusa mwaka mzima. Halafu magari mengi hukata ACC starta inapozunguka, kwa hiyo hata kuwasha gari ni kuikatia umeme Pi iliyoanza kuamka.

Kadi iandikwe mezani, ndani ya gari isomwe tu. Fungua raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, washa Overlay File System, na sehemu ya boot (ya kuwashia mfumo) ukubali ifungwe isiandikwe. Hapo kila kinachoandikwa na mfumo kinakaa kwenye RAM, ukizima kinafutika. Nyimbo zipe patisheni yake, yaani sehemu yake pekee ya kadi, na kwenye fstab, faili linalopanga patisheni zifunguliwe vipi, uweke ro, yaani isomwe tu. Ukitaka kuongeza albamu, chomoa kadi upeleke nyumbani. Inasumbua, najua, fanya hivyo hivyo.

Watakuja wa kukushauri ununue kadi ya dashikamu, kamera ya garini inayorekodi muda wote. Nunua, inavumilia kuandikwa mara nyingi, lakini haizuii umeme kukatika. Na yoyote utakayonunua ipime kwanza kwa F3 au H2testw, programu za kupima ukubwa halisi wa kadi, maana kadi feki inaandika 256 juu na ndani haina hata robo yake.

Ila hayo ni ya kesho. Leo usiku nakili nyimbo zote kwenye diski ya nyumbani, na kama kuna kaseti au CD umezihifadhi mahali, usimpe mtu.