Kufuta masanduku ya barua hakupunguzi faili la EDB kwenye Exchange
Ukifuta masanduku ya barua, faili la EDB, yaani faili la hifadhidata ya Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft), halipungui. Nafasi inayoachwa hubaki ndani ya faili ikisubiri barua mpya, na kwa mpangilio wa kawaida sanduku lililofutwa hukaa siku 30 kabla ya kuondolewa kabisa. Endesha amri ya Get-MailboxDatabase -Status, usome AvailableNewMailboxSpace, utaiona nafasi hiyo tupu. Kazini huwa tunatengeneza hifadhidata mpya, tunahamishia watu huko kwa New-MoveRequest, kisha tunaondoa ya zamani. Hamisha na masanduku ya mfumo, yale yanayoonekana kwa Get-Mailbox -Arbitration, la sivyo hifadhidata ya zamani itakataa kuondoka. Halafu faili lenyewe la EDB ya zamani ulifute kwa mkono, Exchange haikufutii. Eseutil /d, amri ya kubana hifadhidata, nayo hupunguza faili, ila hifadhidata lazima ishushwe (isimamishwe) kwanza, na ofisi nzima ikae bila barua pepe kwa saa nyingi. Siipendekezi.