Kabla Hujamtafutia Mwanao Nafasi ya Mhusika Mkuu

Muhula wa kwanza ukifika na mazoezi ya tamasha za drama yakianza, simu yangu haitulii. Wazazi wengi wana swali moja: Mwalimu, mtoto wangu amepewa nafasi gani? Nimefunza michezo ya kuigiza yenye nyimbo katika shule za msingi za Eastlands, Nairobi, kwa miaka mingi, na ushauri wangu ni kwamba swali hilo lingoje. Kwanza mwanao ajue kumsikiliza mwenzake.

Nyimbo zetu nyingi zina mwimbishaji na waitikiaji. Mmoja anatoa mstari, kundi linaupokea. Waitikiaji wakichelewa hata kidogo, wa mbele anaachwa hewani. Mtoto anayewaza zamu yake tu hawezi kuitikia vizuri. Sharti amtazame mwenzake na kuvuta pumzi pamoja naye.

Kuna mwaka msichana wetu aliyeongoza wimbo alisahau ubeti jukwaani, waamuzi wakiwa wameshika kalamu. Alifungua mdomo, sauti isitoke. Mvulana wa gredi ya nne aliyesimama mstari wa nyuma kabisa, kazi yake ikiwa kushika tawi la karatasi, akakirudia kiitikio. Wa kando yake wakampokea, kisha kundi zima. Wakakizungusha vivyo hivyo, miguu ikikanyaga mdundo, hadi msichana akaukumbuka ubeti wake akaingia. Hakuna aliyemwagiza mvulana yule. Alikuwa amesikiliza wakati wote wa mazoezi, akaujua wimbo mzima hata pale pasipomhusu.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, wafunze wote kila wimbo na maneno ya kila mhusika. Mazoezini wabadilishane: mfalme ashike tawi, mshika tawi aseme maneno ya mfalme. Baadhi hununa, wengine hulia. Wape muda, kisha endeleeni. Na usianzishe wimbo kwa sauti nzito ya mtu mzima, kwa maana watoto hawafiki huko chini, na wakilazimishwa huishia kupiga kelele. Mwache mtoto auanzishe. Anayepiga kelele hamsikii jirani yake.

Kisha kuna jambo ambalo Nairobi tumejaliwa nalo, na naona tunalipuuza. Darasa moja lina watoto wa jamii tele. Tulipoamua kuingiza isukuti katika mchezo wetu, tulimwalika nyanya ya mwanafunzi mmoja, Mluhya, aje atufunze. Densi hii ya Waisukha na Waidakho, ambao ni Waluhya, iliwekwa na UNESCO mwaka wa 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Huchezwa kwa seti ya ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo. Nyanya hakutupa nafasi ya kubabaisha. Kila neno lililotamkwa ovyo alilirudisha, polepole, hadi watoto Wakamba, Wakikuyu na Wasomali wakalitamka alivyotaka. Mjukuu wake, ambaye hapo awali alikuwa akiona haya kuongea lugha ya kwao mbele ya wenzake, ndiye wakawa wanamkimbilia kumuuliza maana. Sijui somo lolote la darasani ambalo lingefanya hivyo kwa alasiri chache.

Kuhusu maleba sina mengi. Leso, mitumba ya soko la Gikomba na kartoni za dukani zinatosha. Mzazi, tafadhali usimnunulie wako gauni la kumetameta wakati wenzake wamevaa leso. Utakuwa umemtoa kundini kabla hajaimba.

Mwisho ni siku ya matokeo. Tamasha hupanda ngazi hadi zile za kitaifa, na timu nyingi hukomea ngazi za chini. Watoto huumia, lakini hupona upesi kuliko sisi. Ninachokiogopa ni mtu mzima anayepanda basi akisema waamuzi walinunuliwa, kwa sababu neno hilo mtoto hulibeba hadi nyumbani, na mwaka unaofuata hajitokezi tena. Wakirudi bila cheti, mpe wako chai, kisha mwambie akuimbie wimbo wa shule iliyowashinda. Kama alikuwa anasikiliza, atakuwa ameushika, na utamsikia akikueleza ni wapi wenzake wale waliwazidi.