Anzieni Uyuni, Msianzie San Pedro

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniuliza swali fupi: "Dada, safari ya jangwa la Bolivia niianzie San Pedro de Atacama au Uyuni?" Nilikuwa na siku tisa tu tangu nirejee nyumbani, ngozi ya uso ingali ikibanduka kwa jua la kule, nikamjibu kwa neno moja: Uyuni. Neno hilo, jina la mji wa Bolivia ulio kando ya uwanda mkubwa wa chumvi, limenigharimu safari mbili, kwa hiyo linastahili maelezo.

Safari ya kwanza niliifanya Julai 2019. Nilianzia San Pedro, upande wa Chile, kwa sababu ndiko kulikofikika kwa urahisi. Mji huo uko kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi gari lilitupandisha hadi mpakani Hito Cajón, zaidi ya mita 4,400, kwa mwendo wa kama saa moja. Tulipita Laguna Verde chini ya volkano ya Licancabur, tukafika kwenye matope yanayochemka ya Sol de Mañana, zaidi ya mita 4,800, kisha tukashuka kulala karibu na Laguna Colorada, kwenye mita 4,300 hivi. Nilikuwa nimewahi kufika kileleni Kilimanjaro, na wakala aliyeniuzia safari alinihakikishia kwamba mtu kama mimi hana la kuogopa. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Usiku ule kichwa kiliniuma kama kinapasuliwa, nikatapika hadi nyongo, na maji ya kunywa yakaganda kwenye chupa kando ya kitanda. Mmoja wa wenzangu wa garini, ambaye mchana nilimgawia chai yangu ya tangawizi, aliuliza kwa sauti ya kusikika kama watu wa Kilimanjaro nao huugua kwa mwinuko. Sijamsahau. Alfajiri dereva alinipakia katika gari jingine lililokuwa likielekea mpakani, maana magari yanayotoka Uyuni hupita njia hiyo asubuhi ya siku ya tatu. Kabla ya jua la mchana nilikuwa San Pedro, kichwa kimetulia, nikilia. Uwanda wa chumvi, ambao ndio ulionitoa Dar es Salaam, sikuuona.

Ilinichukua muda mrefu kulielewa kosa langu. Kilimanjaro niliipanda kwa miguu, na waongozaji wa njia ya Marangu walinizuia kwa "pole pole" yao hadi nikawachukia. Nililala kambi ya Mandara, nikalala ya Horombo mara mbili, mwili ukapata nafasi ya kuizoea hewa nyepesi. Garini hakuna wa kukuzuia. Umekaa, umefunga mkanda, unapiga picha, huku ukipanda kwa saa moja mwinuko ambao mlimani ungeupanda kwa siku mbili. Na ukishaugua katika nyanda zile, hakuna bonde la karibu la kukimbilia, kwa kuwa hata Uyuni penyewe pako juu ya mita 3,600.

Safari hii ya pili nilikaa Sucre, mji mwingine wa Bolivia, siku nne, kwenye mita 2,800 hivi, nikitembea tu na kula supu, kisha nikapanda basi kupitia Potosí hadi Uyuni. Usiku wa kwanza wa ziara tulilala ukingoni mwa uwanda, katika nyumba ya matofali ya chumvi, kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Horombo. Laguna Colorada ilikuja usiku wa pili, na asubuhi yake niliamka nina njaa. Nililitazama lile ziwa jekundu na flamingo wake, ndege ambao sisi wenye Ziwa Natron tunawajua vyema, na sioni haya kusema kwamba nilijisikia mshindi.

Uwanda wenyewe, Salar de Uyuni, una zaidi ya kilomita za mraba 10,000, na katikati yake kuna Incahuasi, kilima cha mawe chenye midungusi inayomzidi mtu kimo mara kadhaa. Nilikaa juu yake nusu saa bila kusema na mtu.

Basi nawasihi, ndugu zangu, msinunue safari kwa kiburi cha mlima mliokwisha kupanda. Muulizeni wakala mtalala kwenye mwinuko gani usiku wa kwanza, na akishindwa kujibu, ondokeni. Mwoneni daktari kuhusu dawa ya ugonjwa wa mwinuko kabla ya kuondoka nyumbani. Majani ya koka mtakayopewa Bolivia myatafune kwa ajili ya mwinuko msiyavushe mpaka. Kichwa kikianza kuuma, semeni mapema. Mimi nilinyamaza saa sita nzima kwa kuona aibu mbele ya wageni.

Msomaji wangu wa Mwanza amenijibu kwamba tiketi ya ndege hadi Calama, upande wa Chile, ameshaikata. Nimemwandikia kwamba haijaharibika kitu: akae San Pedro siku tatu, arudi Calama, apande basi la kwenda Uyuni, na ziara aianzie huko.