Dar hadi Mwanza kwa ndege: umbali na muda

Ndugu uliyeuliza Dar es Salaam hadi Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi na muda gani: angani ni kama kilomita 850. Zile kilomita 1,100 na ushee unazoziona zikitajwa ni za barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga.

Ndege ya jeti hutumia takriban saa moja na nusu, ya mapangaboi (propela) kama ile ya aina ya Q400 karibu saa moja na dakika 45. Muda wa kwenye tiketi huhesabu pia ndege kutembea uwanjani, kwa hiyo angani ni pungufu kidogo.

Wengi huachwa na ndege kwa kusoma saa vibaya. Tiketi ikiandika 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:00 ni saa saba mchana. Tafadhali hakikisha hilo kwanza.