Kurekodi sauti za kupanda Kilimanjaro

Ndugu, umeuliza utarekodije safari yako ya siku 7 kwa njia ya Machame ili mama aliyebaki nyumbani aisikie, maana mara ya kwanza ulirudi na upepo mtupu. Pole. Maikrofoni ya simu ikiwa wazi, hata upepo mdogo huunguruma kama lori. Tafuta maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, yenye kifuniko cha manyoya. Ukikosa, ivalishe soksi ya sufu na uupe upepo mgongo.

Kambi ya kwanza iko ukingoni mwa msitu. Amka kabla ya jua. Ukibahatika utasikia mbega wakinguruma huko chini. Rekodi dakika 2 bila kusogea hata kidole, kwa sababu koti la mvua lina kelele kuliko mbega (nina rekodi nzima ya koti langu).

Hisia usizihifadhi ukazisimulie hotelini Moshi. Ziseme palepale, ukiwa bado unahema. Usiku wa kutoka kambi ya Barafu kwenda kileleni nilipata maneno matatu tu kati ya pumzi na pumzi: “Mama, vidole sivisikii.” Nyuma yake viatu vinasaga changarawe, kiongozi anarudia “pole pole”. Kipande hicho cha sekunde chache ndicho kilichomliza dada yangu, si hotuba yangu ya kileleni.

Wapagazi wakiimba, omba ruhusa kwanza. Betri zilale nawe ndani ya begi la kulalia, baridi huzimaliza upesi.